Tuwafunze Siasa Kabla ya Kuwadai

(Haya hapa chini ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi wa vyuo huko Upanga, Dar es Salaam. Tumeyachapa kwa kuwa yanamhusu kila mwanachama mwenye mtoto chuoni, na kila kijana aliye chuoni.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa vyuo mliokuja kutusikiliza:

Tumeombwa tuseme juu ya elimu ya siasa na wanafunzi wa vyuo. Watu hulisema jambo hili kwa namna mbili. Wako wasemao kwamba kazi ya mwanafunzi ni kitabu, na siasa aiache mpaka apate shahada yake. Wako na wasemao kwamba mwanafunzi ni askari wa chama. Apewe fulana, afundishwe nyimbo, apakiwe kwenye basi, apelekwe mkutanoni. Sisi twasema wote wawili wamekosa, na kosa lao ni moja. Wa kwanza humtaka mwanafunzi anyamaze; wa pili humtaka apige kelele. Hakuna kati yao amtakaye aulize.

Mahali tulipo leo pana ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Hapa Upanga iko Muhimbili, hospitali iliyofunguliwa wakati wa mkoloni mwaka 1956 kwa jina la binti wa kifalme wa Uingereza, na ambayo mwaka 1963 ilianza kuwa shule ya madaktari wetu wenyewe. Ukitoka hapa ukaifuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukapita Mnazi Mmoja, wafika Mtaa wa Lumumba, mlangoni mwa Kariakoo. Hapo ndipo, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilipoanza Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii. Kilianza na wanafunzi 13 wa sheria, na kilianza ndani ya jengo la TANU. Hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipopata Uhuru nchi ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2 tu. Kwa hiyo chama hakikungoja mpaka yajengwe majumba makubwa. Kilitoa vyumba vyake.

Basi, ndugu, nyumba ya siasa iliikaribisha elimu. Swali letu la leo ni hili: je, nyumba ya elimu nayo imeikaribisha siasa? Na kama imeikaribisha, ni siasa ya namna gani?

Kwanza tukumbuke kwamba elimu ya siasa katika nchi hii haikutoka vyuoni. Mkoloni alijua hatari ya msomi aliye karibu na watu. Mwaka 1953 serikali yake ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasijiunge na chama cha siasa. Na wasomi wachache tuliokuwa nao wakati ule, wengi wao walikuwa watumishi wa serikali. Mtu alirudi kutoka Makerere, akapewa meza na mshahara, akaambiwa, hivi sasa funga mdomo. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu mwenyewe alikuwa akifundisha shule ya misheni huko Pugu, na mwaka uliofuata ilimbidi achague: ualimu au chama. Akachagua chama.

Lakini ni nani waliokipeleka chama majumbani? Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara tuliyoitaja ina jina lake, hakupita chuo chochote; alisoma shule ya msingi tu, akajulikana mjini kwa kuimba. Mwaka 1955, kwa muda wa miezi michache, yeye na wenzake waliwaingiza wanawake wapatao 5,000 katika TANU. Walianzia kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, mahali ambapo akina mama walikwisha zoea kukutana, kuchangiana na kuaminiana.

Hilo ndilo fundisho la kwanza tunalowapa vijana. Kabwela wa Kariakoo alijua siasa kabla ya msomi wa Upanga kuruhusiwa kuisema. Kijana akija kwa watu na shahada mkononi akidhani kwamba yeye ndiye mwalimu na wao ndio wanafunzi, amekosea njia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazee wengi hapa hulikumbuka, na vijana wengi hawakuambiwa: mwaka 1966.

Mwaka ule serikali iliamua kwamba wote wanaomaliza masomo ya juu waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa. Wangekaa kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi zao miezi 18 huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Sababu yake ilikuwa njema. Mkulima wa pamba na wa mkonge ndiye aliyewasomesha. Si haki wamrudishie kidogo? Lakini wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, na baadhi ya mabango yao yalisema kwamba afadhali wakati wa mkoloni. Ndugu, miaka mitano tu baada ya Uhuru, mtoto aliyesomeshwa na Uhuru alibeba bango la namna hiyo mbele ya Baba wa Taifa! Mwalimu alikasirika. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao.

Watu wengi huishia hapo. Husema, wasomi wale walikuwa na kiburi, wakatiwa adabu, basi. Sisi twataka tuendelee mbele kidogo, maana wanafunzi wale walisema na jambo la pili. Walisema: mnatutaka tujinyime, na nyinyi viongozi mishahara yenu mikubwa je? Swali hilo Mwalimu hakulitupa. Siku ile ile aliyowafukuza alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Na kabla miezi minne haijatimia likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, lenye masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwezi uliofuata Mwalimu akatoa mwongozo wake wa Elimu ya Kujitegemea, na Mlimani ukafanyika mkutano wa kufikiri kazi ya Chuo Kikuu katika nchi ya ujamaa. Wengi wa waliofukuzwa wakarudishwa kabla mwaka ule haujaisha.

Twaona nini? Twaona kwamba vijana wale walidaiwa kabla ya kufunzwa. Walipewa deni la taifa, lakini hakuna aliyekaa nao akawaonyesha hesabu ya deni lenyewe: ni nani aliyelipa, alilipa kwa jasho gani, na anasubiri nini. Mtu akidaiwa deni asilolijua huona ananyang'anywa. Na twaona pia kwamba mahali ambapo watu hawana elimu ya siasa, hata neno la haki husemwa kwa namna mbaya. Swali lao la mishahara lilikuwa la haki. Bango lao la ukoloni lilikuwa la aibu. Kazi ya elimu ya siasa ni kumsaidia kijana alibebe lile la kwanza na kuliacha lile la pili.

Sasa angalieni yaliyofuata katika chuo kile kile. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, na mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni, ambaye tangu mwaka 1986 amekuwa Rais wa nchi yake. Walikuwako vijana wa Tanzania, wa Kenya, wa Malawi na kwingineko. Walikutana Jumapili, wakasoma, wakabishana. Mwalimu wao mmoja alikuwa Walter Rodney wa Guyana, aliyeandika kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1972. Baadhi yao mwaka 1968 walikwenda Msumbiji, katika sehemu zilizokwisha kombolewa na FRELIMO, wakaona kwa macho yao wakulima wakipigana na kulima. Na Novemba mwaka ule, wenzao walipotaka kufanya sherehe ya kuvaa matambara na kuzunguka mjini wakicheka na kuomba pesa za sadaka, vijana hawa waliizuia. Walisema, matambara ni nguo ya baba zetu. Hatuwezi kuyafanya mchezo.

Ndugu, tangu bango la 1966 mpaka matambara ya 1968 ni miaka miwili tu. Chuo ni kile kile, vitanda ni vile vile, wazazi ni wale wale wakulima. Kilichobadilika ni kwamba vijana walipewa jambo la kufikiri, wakapata mahali pa kubishana, na wakaenda kuona. Hakuna aliyewalipa nauli ya mkutano wala kuwagawia fulana. Basi na wanaosema kwamba vijana wa leo hawajali siasa, sisi twawauliza: mmewapa nini wakikatae?

Lakini hatutaki kuwapa vijana historia nusu. Elimu ya siasa ina gharama, na gharama hiyo humwangukia hata anayefundisha. Vijana wale walikuwa na gazeti lao, jina lake Cheche. Katika gazeti hilo mwaka 1970 Issa Shivji alitoa makala ndefu juu ya tabaka zilizokuwa zikiota katika nchi yetu chini ya jina la ujamaa. Novemba mwaka ule gazeti likafungwa na umoja wao ukavunjwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina Cheche limetoka kwa gazeti la Lenin, na kwamba Tanzania haijengi ujamaa wa Kirusi. Vijana hawakuvunja madirisha. Waliandika gazeti jingine, Maji Maji, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ikawakataza viongozi ubwana na unyanyasaji. Wafanyakazi viwandani waliusoma, wanafunzi nao wakausoma. Julai mwaka ule rais wa chama cha wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kuwalaumu wakuu wa chuo, akaondolewa chuoni na askari wenye silaha. Mwaka 1978, tarehe 5 Machi, wanafunzi waliandamana tena. Safari hii si kwa ajili ya mishahara yao, ila kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Nchi ilikuwa na dhiki. Walisema hayo si ya Azimio la Arusha. Wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa, na chama chao kikavunjwa.

Hebu zipimeni safari hizo mbili. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kutetea mifuko yao. Mwaka 1978 waliandamana kulitetea Azimio. Katikati ya safari hizo mbili ilipita elimu ya siasa ya miaka kumi na zaidi. Waliokuwa wakiiongoza nchi walilalamika kwamba vijana wamekuwa wakaidi. Sisi twasema walikuwa wamefundishika. Ukimpa mtu mizani, usishangae siku moja akikupima na wewe.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Chama kinachotaka kufundisha siasa lazima kiamue tangu mwanzo: chataka wanafunzi wanaojua, au chataka wanafunzi wanaoitikia? Haviwezekani vyote viwili. Anayejua ataitikia siku ambayo neno ni la kweli, na siku ambayo si la kweli atanyosha mkono. Chama kisichoweza kuustahimili mkono ule ulionyoshwa, kitabaki na makofi tu, na makofi hayajengi hata kibanda.

Sasa tuseme ya leo. Tangu tarehe 1 Julai 1992 nchi yetu ina vyama vingi. Katiba inampa kijana wa miaka 18 kura, na kijana wa miaka 21 aweza kugombea ubunge. Maana yake, karibu kila mwanafunzi wa chuo ni mpiga kura, na wengi wangeweza kuwa wabunge kabla ya kumaliza masomo. Vyama vyote vimelijua hilo, na vyote huwakumbuka vijana wakati wa uchaguzi. Uchaguzi ukiisha, kijana hubaki na fulana inayochujuka, na kazi yake ya siasa inakuwa moja tu: bumu limetoka au halijatoka?

Hatudharau bumu. Mwanafunzi mwenye njaa hasomi, na mkopo wa serikali, tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, umewaingiza vyuoni watoto wa makabwela ambao zamani wasingeota kufika. Kulidai ni haki. Lakini mwenye kudai bumu peke yake, asijue fedha ile imetoka wapi, amerudi mwaka 1966 bila kujua.

Imetoka wapi? Twendeni Kariakoo, ni mwendo wa miguu kutoka hapa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao siku kadhaa kwa malalamiko ya kodi na namna inavyokusanywa, mpaka Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Kwenye barabara ile ile ya Bibi Titi kipo Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965 ili kufundisha hesabu na biashara. Twauliza kwa upole: ninyi mnaosomea kodi na hesabu, ni wangapi siku zile mlikwenda kukaa na mwenye duka mkaipitia naye hesabu yake, mkajua lipi katika malalamiko yake ni la haki na lipi ni ujanja? Hilo lingekuwa somo la siasa kupita hotuba kumi kama hii yetu.

Na ninyi wa Muhimbili. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, maji machafu huingia majumbani, na baadaye watoto huletwa kwenu wakiharisha. Mtamtibu mtoto, atapona, atarudi nyumba ile ile yenye maji yale yale. Mfereji ulioziba ni kazi ya diwani, ni kazi ya bajeti, ni kazi ya kura. Daktari asiyeyajua hayo atatibu ugonjwa mmoja maisha yake yote.

Kwa hiyo basi, hatukuja kulalamika tu. Tunaleta shauri mbele ya mkutano huu, nalo ni hili.

Kwanza, tuanzishe hapa tawini vikundi vya kusoma, watu kumi kumi, kila wiki mara moja. Tukutane hapa, si madarasani. Chuo kina sheria zake, tuziheshimu. Katika kila kikundi wawemo wanafunzi, na wawemo pia watu wa sokoni, akina mama lishe na wazee. Mwenyekiti awe kwa zamu. Pasiwe na posho, pasiwe na fulana.

Pili, masomo yawe manne. La kwanza ni Katiba ya mwaka 1977 pamoja na mabadiliko yake. Imeandikwa kwa Kiswahili, hatuna udhuru. La pili ni bajeti ya serikali, inayosomwa Bungeni kila Juni. Tuisome mpaka tujue shilingi ya muuza nyanya imekwenda wapi. La tatu ni historia yetu yote, pamoja na 1966, 1971 na 1978, bila kuficha. La nne ni kazi: kila kikundi kichague jambo moja la mtaani, mfereji, taa za barabarani au ushuru wa soko, kilichunguze na kilifuate mpaka mwisho wake.

Tatu, kiongozi yeyote atakayetaka kuja kusema na vijana, kwanza ajibu maswali yao yaliyoandikwa, kisha ndipo ahutubie. Na asiyeweza kujibu siku ile apewe mwezi mmoja arudi na jibu.

Twajua wako watakaopinga. Mzazi atasema: mwanangu atafukuzwa shule. Tunamjibu: kusoma Katiba ya nchi si kosa, na sisi wazee tukikaa katika vikundi pamoja na vijana, hakuna atakayesema ni uchochezi wa watoto. Kijana akiachwa peke yake ndipo anapotafutwa na kila mwenye fedha. Kiongozi naye atasema: mkiwafunza hivi watatugeuka. Tunamjibu: yule mwenye hofu ya kugeukwa na mtu anayeijua Katiba, hofu yake haitokani na vijana. Wengine watasema iko tayari shule ya viongozi huko Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022 na vyama sita vilivyopigania uhuru kusini mwa Afrika. Na zamani kilikuwako Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961. Ni vyema. Lakini shule ya viongozi huwafunza walio wachache waliokwisha chaguliwa. Sisi twataka kuwafunza watakaowachagua.

Ndugu zangu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vijana hawa watafunzwa siasa. Hilo halina shaka. Kama hatuwafunzi sisi kwa utulivu, kwa kitabu na kwa kazi, watafunzwa na njaa, watafunzwa na mwenye mfuko, watafunzwa na simu zilizo mkononi mwao usiku wa manane. Kisha tutasimama tukiwalaumu kwa masomo ambayo hatukuwapa.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba shauri hili lipigiwe kura leo, kabla watu hawajatawanyika, na majina ya kikundi cha kwanza yaandikwe hapa mezani. Kalamu iko, karatasi iko. Wazee waanze, vijana wafuate.

Uhuru na Umoja!